Wapare Walipoacha Kushtaki

Siku mliyoniaga kituoni nilipostaafu, mlinipa kipaza sauti, nami nikakishika dakika nzima nikilia kama mfiwa. Mkuu akapiga makofi, wote mkapiga makofi, pilau likaanza kupakuliwa na hotuba ikaishia hapo. Sasa niko nyumbani Vudee, palizi nimemaliza, baridi imenizuia kutoka, basi ninaandika niliyotaka kusema. Ni marefu kuliko hotuba, lakini pilau mlishakula, kwa hiyo hakuna anayewaharakisha.

Vyeo sitavizungumzia. Vyangu vilikuwa vichache na kila kimoja kilichelewa njiani, na mwenye shauku ya kuvijua atavikuta kwenye faili. Nitazungumzia kaunta, maana hapo ndipo nilipokaa mpaka kiti kikanizoea.

Kituo chenyewe sitakitaja, ingawa wenyewe mnakijua. Ni kimoja cha vile vidogo vya huko chini Same, barabara kuu inapita nje na vumbi linapita ndani. Upande mmoja kuna mtaa tunaouita Mkongeni, wenye watu wa kila mkoa waliokuja kukata mkonge mashambani wakasahau kurudi kwao. Upande wa pili ndipo inapoanza njia ya kupanda kwetu Upareni.

Niliripoti nikiwa na viatu vinavyong'aa na rungu jipya, nikitarajia kukamata jambazi kabla ya chai ya saa nne. Alinipokea Sajenti Ndunguru, mzee mwembamba wa Songea mwenye miwani iliyofungwa uzi. Akaliangalia lile rungu, akanipokonya kwa upole, akaliweka juu ya kabati la mafaili. "Hilo litakaa pale, binti," akasema. "Akiingia nyoka utalishusha." Kisha akanionyesha kalamu. Ilikuwa imefungwa mezani kwa kamba ya katani, kwa kuwa hakuna mahali kalamu zinapoibwa kama kituo cha polisi.

Kazi ya kaunta, kwa Ndunguru, ilikuwa na vitabu viwili na kiti kimoja. Kitabu cha kwanza ni cha taarifa, ambamo kila anayeshtaki anapata namba yake ya RB. Cha pili ni kile cha fomu za PF3, ambazo majeruhi huzipeleka hospitalini ili ijulikane ameumizwaje na nani. Kiti kilikuwa cha mlalamikaji. "Mpe kiti kwanza, jina baadaye," alikuwa akiniambia. "Mtu aliyesimama anasema uongo mfupi ili aondoke." Nimefanya kazi na maofisa waliosoma mpaka nje ya nchi, na sijasikia lenye maana kuliko hilo.

Jambo lililomshangaza Ndunguru ni sisi Wapare. Mnajua tunavyosemwa: Mpare huuza ng'ombe apate nauli ya kufuata kesi ya kuku. Watu hulisema kwa kutucheka, nami hucheka nao, maana baba yangu mzazi aliuza. Basi kila asubuhi benchi lilijaa. Kuna bibi alishuka kutoka mlimani kwa miguu, saa tatu nzima, kuja kushtaki kwamba jirani amemtazama mbuzi wake kwa jicho baya. Wazee wawili waligombea zamu ya maji ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, wakaleta mashahidi kumi na mmoja, mmoja wao akiwa kiziwi. Mimi nilikuwa nikiona haya. Ndunguru alikuwa anasugua mikono kwa furaha.

"Hawa watu wenu ni baraka," aliniambia. "Anayeshtaki hapigi. Siku wakinyamaza, wewe ogopa."

Nililichukulia kama mzaha wa mzee.

Silaha ya mji wetu, kama mjuavyo, si bastola za kwenye sinema. Ni gobole. Wakulima wa pembezoni huwa nalo la kufukuzia nyani, wengine huliazima, na likishaazimwa halijui tena nyani ni nani. Ndunguru alinifundisha kulinusa: mdomo ukitoa harufu ya baruti, limesema si muda mrefu. Akanifundisha na jambo kubwa zaidi. Gobole, alisema, kitako chake atachonga yeyote mwenye panga, lakini mtutu ni bomba nene lililozibwa upande mmoja, na ili kuziba bomba lazima apatikane fundi wa kuchomelea. Mjini kwetu fundi wa kuaminika alikuwa mmoja.

Huyo ni Elihuruma, Mpare mwenzangu tuliyelingana umri, mfupi, mbishi, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Nondo za madirisha ya kituo alizichomelea yeye, na alilalamika tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Mtu akienda kwake na bomba nene akitaka lizibwe upande mmoja, Fundi humwambia, "Njoo kesho." Halafu hufunga kibanda, huja kaunta, huketi kwenye kiti, hulalamika kwa sauti kuhusu bodaboda wanaoegesha mlangoni kwake. Akishamaliza, huinama kidogo na kutaja jina moja.

Ndunguru hakuandika chochote. Alivaa kofia, akatembea polepole hadi kwa mwenye jina, akaomba chai. Alikunywa, akasifia watoto, akasema habari za mvua. Jioni ile ile kitu kililetwa kituoni kimezungushiwa gunia, na aliyekileta hakuulizwa mengi. Kwa namna hiyo mzee yule mwenye miwani ya uzi alizuia risasi nyingi kuliko alizowahi kupewa za kwake. Hakuna aliyemhesabia, kwa sababu tukio lisilotokea halina RB.

Ndunguru akastaafu, kaunta ikawa yangu. Hapa ndipo aibu yangu inapoanzia, nanyi mnisome taratibu.

Mimi ni Mpare. Kwetu jambo lisiloandikwa halikutokea. Mara ya kwanza Fundi alipoinama na kutaja jina, nilimsikiliza vizuri, na alipotoka nikafungua kitabu nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa shule ya misheni: "Elihuruma, fundi kuchomelea. Gobole." Mambo mengine nitayakumbuka, nilijiambia. Mara ya pili nikaandika vilevile, na ya tatu, na ya nne. Nilijiona mtunza kumbukumbu hodari, tena nikamcheka moyoni yule mzee aliyekuwa akiendesha kituo kwa chai.

Baadaye akaja mkuu mpya wa kituo, mtu wa mbio, asiyekaa akamaliza kikombe. Duka moja Mkongeni lilikuwa limevunjwa na wezi wakapiga gobole hewani, na wakubwa wake wakampigia simu mara mbili kwa siku moja. Akaitisha operesheni. Mimi sikuwepo, nilikuwa nimepanda kumzika shangazi yangu. Mkuu akafungua kitabu cha taarifa, akatafuta neno gobole, akakuta jina moja mara nne, kwa mwandiko safi usio na shaka. Akampa gari la Difenda konstebo mmoja tuliyemwita Radi, naye hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Waliporudi naye hawakuwa na bomba wala baruti. Walikuwa wameshampiga kibandani, mbele ya wateja na mkewe, wakimtaka aonyeshe alikoficha magobole. Aliwaambia kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiwaletea habari. Radi alicheka, na kwa kukosa ushahidi wakamwachia kesho yake. Nilirudi Jumatatu, nikatazama juu ya kabati la mafaili, rungu halikuwepo.

Saa tatu asubuhi Fundi akaingia. Mkono wa kulia alikuwa ameufunga kwa kanga ya mkewe, na kiganja kilikuwa kimegeuka upande ambao viganja havigeukii. Nikasimama kumpa kiti. Hakuketi.

"Dada Naelijwa," akasema, "naomba PF3."

Mnaona sheria ilivyokaa. Aliyepigwa na jirani huja kwetu kuchukua fomu. Aliyepigwa na sisi naye huja kwetu kuchukua fomu. Nikafungua kitabu. Mkuu akatokea mlangoni kwake, akaegemea ukuta.

"Andika ameanguka," akasema.

Nilikuwa na watoto wawili sekondari na mama mgonjwa, na ninaweza kuwapa sababu nyingine saba. Zote nimezijaribu usiku na hakuna inayotosha. Niliandika: "Ameanguka na pikipiki." Fundi akaichukua fomu kwa mkono wa kushoto, akaisoma yote, maana ni mtu wa kusoma.

"Sina hata baiskeli, dada," akasema, akatoka.

Baada ya hapo kaunta ikanyamaza. Haikunyamaza siku moja. Kwanza benchi lilibaki na watu watano, kisha wawili, kisha paka. Hakuna aliyekuja kushtaki mbuzi, wala mpaka, wala maji. Wapare walipita nje ya kituo kama wanavyopita mbele ya nyumba yenye mbwa. Mkuu alifurahi sana. Katika ripoti zake aliandika kwamba uhalifu umeshuka na hali ni shwari, na akaniagiza nimletee chai kwa kusherehekea. Nikaileta. Akaiacha ipoe, kama kawaida yake.

Mimi nilikuwa na hofu. Mtu wa mkoa mwingine angedhani tumekuwa watu wema kwa ghafla. Mimi niliwajua watu wangu: Mpare asiyeshtaki ama amekufa, ama ameona njia nyingine.

Njia nyingine niliambiwa kwa simu. Sista mmoja wa hospitali, rafiki yangu wa kwaya, alinipigia akicheka cheko lisilo la furaha.

"Eti afande, mkonge wa huko Mkongeni siku hizi unatoa goroli?"

"Una maana gani?"

"Nimepokea wanaume watatu mwezi huu, kila mmoja anasema amechomwa na mwiba wa mkonge. Hawana PF3, hawaitaki, tunawatibu tu ili wasife. Wa leo nimemtoa mwiba pajani. Ni wa chuma na ni wa duara."

Nilielewa papo hapo: goroli ndiyo risasi ya gobole. Ninyi mliotoka chuoni mlifundishwa kwamba silaha huongezeka kwa sababu ya mipaka na magendo. Huenda ni kweli kwingine. Kwetu ziliongezeka kwa sababu ya mkono mmoja uliovunjwa. Fundi hakuziba hata bomba moja, nataka hilo lijulikane. Aliacha tu kusema. Wenye mabomba wakapata mafundi wa pembeni, na hakukuwa na mtu wa kwenda kunywa chai kwao. Wezi wakajua hakuna atakayewataja, wakanunua. Walioibiwa wakajua kuja kwetu ni kujitafutia kuanguka na pikipiki, nao wakanunua. Kila mtu akawa kituo chake mwenyewe.

Kisha vijana wawili wakagombea pikipiki mchana kweupe sokoni. Ugomvi wa aina ile zamani ningeumaliza kwa RB mbili na karipio. Mmoja alikuwa na gobole, na gobole halina shabaha. Goroli zikampata Mama Chausiku, mwanamke mkubwa mchangamfu aliyekuwa akileta samaki kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu na kutukana wateja kwa upendo. Alikuwa anapanga perege kwenye meza. Hakufa, tumshukuru Mungu, lakini goti lake halikukunjika tena.

Nilienda kumwona wodini na daftari langu.

"Wale vijana nilijua wana hilo dude tangu mwezi uliopita," akaniambia.

"Sasa Mama Chausiku, kwa nini hukuja?"

Akanitazama, wala si kwa hasira. "Nije wapi?"

Nililifunga daftari. Nilitoka nikalia nyuma ya jengo la kufulia, nikiwa na sare, na mfanyakazi mmoja akaniuliza kama nimefiwa.

Jumamosi nikapika makande sufuria nzima, nikaenda kwa Fundi. Kwetu kuomba radhi mikono mitupu ni matusi mengine. Nilimkuta kibandani anachomelea kwa mkono wa kushoto, mshono wa geti ukienda zigizaga. Mkewe alipokea sufuria bila kunitazama. Nikamwambia Fundi yote: kwamba jina lake kitabuni niliandika mimi, kwamba uongo wa pikipiki ni wangu, kwamba Ndunguru asingefanya hata kimoja. Nilisema kwa Kiswahili, nikarudia kwa Chasu, lugha ya kwetu, kwa sababu Chasu hakinipi pa kujificha.

Alisikiliza. Akavua miwani ya kuchomelea.

"Maneno nimeyasikia, dada," akasema. "Sasa andika."

"Niandike nini?"

"Uliandika uongo ukaupiga mhuri. Ukweli unanipa kwa mdomo tu?"

Makosa yangu yote yalitokana na kuandika, na huyu mtu alikuwa ananiomba niandike. Ningekuwa wa kabila lingine ningeshangaa. Nilijua pia nikiandika nitakuwa nimekiri kughushi fomu ya serikali, na kwamba mkuu hatakuwa upande wangu.

Jumatatu nilifungua kitabu cha taarifa, Fundi akiwa ameketi kwenye kiti, nikajishtaki. Niliandika jina langu na namba yangu ya kazi, kwamba mlalamikaji alipigwa na askari wa kituo hiki waliomdhania mtengeneza silaha ilhali ndiye aliyekuwa akitoa habari zake, na kwamba mimi niliandika PF3 ya uongo nikijua. Nikatoa PF3 nyingine. Mkuu akatoka mbio, akasoma juu ya bega langu.

"Unaharibu kituo, wewe mwanamke!"

"Kimeshaharibika, mkuu. Naandika RB tu."

Fundi akaomba asome. Akasoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata. Mwishoni akasema nimekosea herufi moja ya jina la ukoo wake, nirekebishe. Nikarekebisha, nikaweka saini pembeni. Akaikunja nakala mara nne, akaitia ndani ya kofia yake ya sufu, akaondoka bila kuniaga, na mimi sijawahi kuona mgongo wa mtu ukinipa raha namna ile.

Mengine mliyasikia vijiweni. Radi alifikishwa mahakama ya kijeshi ya polisi akavuliwa sare. Mkuu alihamishwa. Mimi nilipewa karipio kali, nikapelekwa kituo cha muda huko Bendera, ambako maadui wa amani walikuwa tembo wenye kupenda mahindi. Nawaambieni, tembo hana haja ya PF3. Nilipiga madebe, niliungua jua, nikanenepa kwa ugali wa watu wema, na baada ya miaka miwili nikarudishwa kaunta.

Watu wakaanza kurudi, taratibu. Walichungulia kwanza dirishani. "Naelijwa yupo?" Nikiwepo, waliingia na mbuzi wao na mipaka yao. Nikiwa likizo, walirudi nyumbani kusubiri. Fundi naye akarudi kulalamikia bodaboda na kuinama kidogo, nami nikajifunza kunywa chai kwenye nyumba za watu. Magunia yakaanza tena kuletwa jioni. Sista akaniambia mkonge umetulia.

Nilijivuna. Kila aliyechungulia akiniulizia nilihesabu kuwa ni sifa. Nilikaa hivyo mpaka nikastaafu, bila kuona kwamba nilikuwa narudia kosa kwa njia ya kujisifu. Watu walikuwa wamemrudia Naelijwa. Kituo hawajakirudia, na mimi sikuwahi kumshika mmoja mkono nikampeleka kwa mmoja wenu nikasema, huyu naye ni mtu. Hilo ndilo nililotaka kuwaambia kwenye kipaza sauti, nikashindwa.

Ninaliandika sasa kwa sababu Alhamisi iliyopita Fundi Elihuruma alipanda huku kwangu, kwa miguu kuanzia pale gari la mlimani linapoishia, na si kijana tena. Nikampa uji. Akapumua, akalalamikia barabara, akainama kidogo. Mtu ameleta mabomba matatu, akasema. Yeye amemwambia arudi keshokutwa.

Nikamwambia mimi ni mkulima sasa, sina pingu wala kitabu, ashuke kituoni leo leo. Akauliza, "Kaunta yuko nani siku hizi?"

Nikawataja mmoja mmoja, kwa majina yenu, na kwenu ni wapi, na kila mmoja nikamsemea neno jema, na mengine niliyaongezea chumvi. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikamwomba angalau anipe mimi lile jina niwapigie simu. Akatikisa kichwa, akasema ameshachoka kupanda mlima, safari hii atasema kwa mtu wa kaunta au hatasema. Akashusha kofia masikioni, akashika njia, ule mkono uliopinda ukining'inia upande mmoja.

Niliwapigia simu jioni ile, na aliyepokea alinijibu kwa heshima zote kwamba kama kuna mwenye habari, aje kituoni kama wengine. Sijui alikuwa nani kati yenu. Keshokutwa yenyewe ilikuwa Jumamosi, leo ni Jumanne, na bado sijasikia kama mtu yeyote alimpa Fundi kiti.